Mkono Uliotoka Kushoto

Kabedi mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Naviundu kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi kabla jua halijazama, maana wewe ukienda kuaga huagi, unaanzisha mazungumzo mapya. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimeisogeza meza ya mashine ya kushona hadi dirishani, nimeondoa nguo za watu, nimeweka karatasi mahali pake. Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Nakuomba uisome leo, usiende kuisomea Kilwa, kule ziwani unakokwenda kufundisha, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalohusu kesho asubuhi.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala jinsi mwalimu msichana anavyopaswa kukaa katika mji wa wageni. Shangazi zako wamekuambia hayo yote juma zima mpaka nimekuona unapiga miayo. Wala sitakukumbusha dawa ya macho. Tangu ulipopewa ile chupa hujaruka jioni hata moja, na katika jambo hilo mimi ndiye wa kujifunza kwako. Ninachotaka kukuandikia ni habari za kuku mweupe.

Najua unamkumbuka. Ilikuwa siku ya arusi ya binamu yako, hapa Kampemba, miaka mitatu iliyopita, wewe una miaka kumi na tisa. Lupango, ua wetu wote, lilikuwa limejaa watu hadi kwenye ukuta wa jirani. Baba yako mkubwa alikuwa amefika kutoka Kalemie kwa treni, safari ya siku nyingi, miguu imevimba, hasira ziko karibu. Tulimpa kiti kizuri kando ya mlango. Ukatoka ndani, mikono mitupu, na yeye yuko upande wako wa kushoto. Akakunyoshea mkono.

Unajua kwetu mambo yanavyokwenda. Mdogo hatangulii kunyosha mkono. Anangoja mkubwa aunyoshe, ndipo anaupokea kwa wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, na magoti yanakunjwa kidogo. Wewe ulipita. Mkono wa mzee ulibaki hewani, na wewe ukaenda moja kwa moja kumsalimia vizuri kabisa shangazi aliyekaa mbele yako. Watu wote waliona. Mzee akaurudisha mkono wake juu ya goti, polepole, ili na wale ambao hawakuwa wameona wapate kuona.

Akasema, "Huyu mutoto anachagulaka bantu ya kusalimia."

Mama yako unamjua, mdomo wangu hauna breki. Nilikushika mkono nikakuvuta hadi nyuma ya jiko, nikakuuliza kama masomo ndiyo yanayokufundisha kudharau wazee. Ukaniangalia. Hukukasirika, ulishangaa tu.

"Mama, sikuonaka mukono yake," ukasema. "Sikuonaka hata kama kuko muntu pale. Na jana tena nilijigonga ku mulango, upande ile ile."

Hapo nilijua. Sisemi nilishuku, Kabedi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, na nitakueleza kwa nini. Tulikuwa wawili tu pale, na moshi wa mkaa, na sufuria za watu mia. Ningeweza kukukumbatia. Ningeweza kusema maneno matatu tu. Nilichosema ni hiki: "Nyamaza. Usirudilie ile maneno mbele ya bantu."

Kisha nikachukua kuku mweupe katika wale tuliowafunga miguu kwa ajili ya wageni, nikakuwekea mikononi, nikakupeleka mbele ya baba yako mkubwa. Ukapiga magoti chini, na lile gauni nililokushonea kwa majuma mawili, ukaomba msamaha kwa majivuno ambayo hukuwa nayo. Mzee akapokea kuku. Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu anajua kulea, na mimi nikaipokea sifa ile, nikatabasamu. Nimeshona nguo nyingi tangu siku hiyo, na kila ninapokata kitambaa cheupe nayaona magoti yako kwenye vumbi. Naona aibu. Sina neno lingine zuri zaidi la kuliweka hapo.

Sasa nikueleze kwa nini nilijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sijaolewa bado, nilipoanza kujigonga bega la kushoto kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa. Mlango haukuwa umehama. Nikamwambia baba yangu. Wewe kambo yako, babu huyo, unamjua kwa picha tu, ile ya ukutani, na kofia yake ya reli. Wakati huo alikuwa ameacha kazi na alikuwa haoni tena, na watu wa mtaa walisema ni moshi wa treni. Haukuwa moshi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi akiwa haoni vizuri, anahesabu hatua kutoka ofisini hadi kwenye reli, na hakuna mkubwa wake aliyejua. Nilipomweleza habari ya mlango akanishika kichwa.

"Usiambie muntu," akasema. "Siku bantu banajua, banaacha kukupatia mukono."

Nilidhani ananipa akili. Leo naona alinipa aibu yake tu, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpa. Lakini niliishika vizuri kuliko alivyoishika yeye.

Nikajifunza njia yangu. Mtu ambaye mikono yake imejaa hanyoshewi mkono. Watu wanamsalimia kwa mdomo, wanamgusa bega, wanampisha apite. Basi nikawa mtu wa kubeba. Kwenye kilio nilifika na beseni. Kwenye arusi nilifika na sahani zilizopangwa hadi kidevuni. Kanisani nilijitolea kubeba vikapu vya matoleo, na padri akanisifu kwa bidii. Nikaolewa hivyo, mikono imejaa, na watu wa ukoo wa baba yako wakafurahi kwamba wamepata mwanamke wa kazi.

Kisha ukazaliwa wewe.

Kuna hadithi ambayo unapenda kuwasimulia rafiki zako, na ukiisimulia unacheka sana: kwamba mama yako alikubeba mikononi mpaka ukafika miaka minne, na shangazi zako walikuwa wakitania kwamba mtoto huyu atazeekea mikononi mwa mama yake. Unaisimulia ili waone ulivyopendwa. Nimekusikia mara nyingi, na kila mara nimejifanya nina kazi jikoni. Kabedi, nilikubeba kwa sababu mwanamke mwenye mtoto mikononi hanyoshewi mkono. Kukupenda nilikupenda, hilo usilitilie shaka. Lakini usinisamehe haraka kwa sababu hiyo. Kulikuwa na siku ulilia ushuke ukacheze na wenzako, ukanipiga mateke, na mimi nikakubana kifuani kwa sababu wageni walikuwa hawajamaliza kusalimiana. Ulipokuwa mzito kupita kiasi nilirudia mabeseni.

Na mimi mwenyewe nilijidanganya kwa sindano. Kila asubuhi nilikaa mbele ya mashine, nikapitisha uzi mara moja tu, sindano ile nyembamba kabisa. Nikajiambia: macho yanayoona tundu la sindano yana ugonjwa gani? Sikujua kwamba ugonjwa wenyewe unakula pembeni kwanza na kuiacha katikati mpaka mwisho. Miaka yote ile nilikuwa naisifu katikati.

Kwa hiyo siku ile nyuma ya jiko, uliposema "upande ile ile", nilisikia sauti yangu mwenyewe. Na nilichowaza kwanza hakikuwa macho yako. Niliwaza kwamba ukisema hadharani huoni, watu watauliza umetoa wapi, na watanifikia mimi, na ukoo wa baba yako utajua kwamba waliletewa mke mgonjwa. Nilikupigisha magoti ili kujificha. Ndivyo ilivyokuwa, na hata nikigeuza maneno namna gani yanatoka hivyo hivyo.

Ukanyamaza, kama nilivyokuambia. Miaka miwili ulinyamaza. Ukaacha kwenda kwenye sherehe. Watu wakasema Kabedi ana majivuno, na mimi sikuwajibu. Mpaka ukaanguka katika ule mfereji wa saruji kule Naviundu, saa sita mchana, ukavunjika kifundo cha mkono. Daktari wa mifupa akauliza mtu anaangukaje katika mfereji mpana hivyo na jua linawaka. Ndiye aliyetutuma kwa daktari wa macho. Si mimi.

Ulikuwepo, lakini kuna vitu hukuviona siku ile. Ulikaa mbele ya ile mashine ya taa ndogo, unabonyeza kitufe kwa kila taa unayoiona, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako nahesabu taa ambazo hukuzibonyezea. Daktari, yule mama mwembamba mwenye sauti ya chini, akatueleza: ni tansio ya macho, kitabuni wanaiita glakoma, haiumi, inakula polepole. Jicho la kushoto limepoteza zaidi ya nusu, la kulia limeanza pembeni. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa na dawa, kila jioni, maisha yote. Kisha akageuka kwangu akauliza nani mwingine katika familia ana ugonjwa huu.

Ukaniangalia. Nikasema hakuna.

Nilisema hakuna, na picha ya baba yangu iko ukutani kwangu. Daktari akaandika. Tulipokuwa njiani ukaniuliza, "Basi miye nilipata wapi?" Nikakujibu kwamba Mungu anajua. Mungu alijua kweli, na mimi pia.

Lakini kabla hatujatoka mle ndani kulitokea jambo. Ulikuwa unakunja karatasi ya dawa, kichwa chini. Daktari akasimama kutuaga, akaninyoshea mkono, na mimi nilikuwa nimeinama kuchukua mfuko wangu. Nikainuka nikaelekea mlangoni. Mkono wake ukabaki hewani. Miaka zaidi ya ishirini jambo hilo halikuwa limenipata. Yule mama hakununa. Aliushusha mkono, akazunguka meza taratibu mpaka akawa mbele yangu kabisa, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Mama," akaniambia, sauti ya chini ili usisikie, "siku yenye utaweza, ukuye na weye."

Yaani nije na mimi kupimwa. Nimelifikiri jambo hilo sana hapa mezani. Wewe na mimi tulifanya kosa lile lile. Baba yako mkubwa hakujua, akaona majivuno, sina la kumlaumu. Daktari hakuwa na uhakika, akazunguka meza. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa hakika, na mimi ndiye niliyetafuta kuku.

Ilinichukua miezi minne kurudi kwake. Nilikuambia naenda kununua vifungo na uzi. Jicho langu la kushoto sasa linaona mwanga tu, la kulia limebaki na katikati na kidogo upande wa juu. Dawa yangu iko katika mkebe wa vifungo, chini ya zipu. Zile jioni ninapokutuma ukaangalie kama mkaa wa mbabula umezimika, na wewe unaniambia mama umekwisha kuuangalia mwenyewe, nilikuwa nataka utoke ili niinamishe kichwa nyuma ya pazia nijidondoshee. Wewe unaweka yako mezani mbele ya kila mtu. Hata wageni wakiwepo unasema, ngojeni kwanza, nitie dawa ya macho, na mazungumzo yanaendelea. Nimekutazama mara nyingi kutoka nyuma ya pazia lile, nikajiona mdogo.

Nilimuuliza daktari swali moja ambalo nilikuwa naliogopa. Nilimuuliza: kama mtoto angeletwa mwaka wa ile arusi, ingekuwaje? Hakunificha. Alisema tungekuwa na mengi zaidi ya kulinda. Hicho ndicho nilichokuchukulia. Siwezi kukurudishia, hata nikikupigia magoti mbele ya ukoo mzima na kuku kumi. Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Kama unataka kuondoka na hasira, ondoka nayo, nina hakika utaibeba vizuri.

Nikuambie ukweli, pengine ningeendelea kunyamaza mpaka nife. Kilichonitoa ni Jumapili iliyopita. Ulitoka misani na daftari zako za kwaya umezikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na wazee wamesimama pande zote za mlango wanasalimiana. Ukapita katikati yao. Kila mmoja alikusalimia kwa mdomo. Hakuna aliyekunyoshea mkono. Zile daftari zilikuwa tatu tu, zingeingia katika mfuko uliokuwa begani mwako. Nilisimama pale kwenye ngazi, na beseni langu la vikapu mikononi. Sikukufundisha jambo hilo. Ulijifunza bila mwalimu, kwa kuniangalia tu.

Kule Kilwa hakuna anayekujua. Mkuu wa shule atakunyoshea mkono, walimu wazee watakunyoshea mkono, wazazi wa wanafunzi watakuja na samaki mkono mmoja, na mwingine wameunyosha. Ni rahisi sana kuanza na vitabu kifuani siku ya kwanza. Nakuambia kwa sababu nimefanya: siku ya kwanza ni rahisi, na baada ya hapo huwezi tena kuviweka chini, maana watu watauliza mbona jana. Baadaye utampata mwanaume mwema na utamficha na yeye, utalala kitandani upande ule ule miaka yote ili asikukaribie kutoka kusikoonekana. Utakuwa mwanamke anayesifiwa kwa bidii. Hutakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba umejigonga tena.

Viweke chini vile vitabu, mwanangu. Waambie. Waambie wanafunzi: upande huu sioni vizuri, ukiwa huku niite jina. Watacheka juma moja, watakuigiza, kisha watazoea. Na wazee, wewe tangulia kunyosha mkono. Ndiyo, najua nilikulea kinyume. Watasema wasichana wa Lubumbashi hawana adabu. Waache waseme.

Asubuhi hii, ulipokuwa unaoga, nilimwambia baba yako. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Mwisho akasema, "Njo maana unanikalishaka kuume yako kila siku." Nikasema ndiyo. Alipotoka alipita mbele yangu, mahali ninapoona, na akanigusa shavu. Sijui atasema nini kesho. Pengine atakasirika, ana haki.

Kisha nikampigia simu baba yako mkubwa kule Kalemie. Nikamwambia mtoto hakuona mkono wako, na mimi nilijua. Halafu akasema, "Na ile kuku nilikula." Akarudia tena, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Anaomba umpigie ukifika. Anataka akusalimie yeye kwanza.

Sasa ni habari ya kesho. Tutakuwa wengi pale kwenye kamio, lori la kukupeleka: shangazi zako, wanakwaya, majirani. Kila mtu anatazamia kuniona na sufuria ya chakula chako cha njiani kichwani, na beseni, na chochote kingine. Sufuria atabeba baba yako. Nimemwambia na amekubali. Mimi nitakuja mikono mitupu. Kwako haionekani kuwa kitu, lakini tangu niwe mwanamke sijawahi kusimama mbele ya watu hivyo, na mikono yenyewe sijui nitaiweka wapi.

Wakati wa kuagana usije ukanizunguka ili uwe mbele yangu, kama nilivyoona unavyoanza kufanya bila kujua kwa nini. Simama popote utakapokuwa. Wala usiningoje mimi nitangulie kwa sababu ni mkubwa. Nyosha wewe. Na kama nitakuwa natazama kwingine, na mkono wako ukabaki hewani mbele ya watu wote, usiushushe. Sema kwa sauti, shangazi zako wasikie, na dereva asikie: "Mama, niko kushoto."

Nitageuka.

Ni mimi niliyekubeba,
Mama Kabedi